Rubani Aliyeendesha Lifti

Tanga

Kwako Sheikh Hamisi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo halituachi. Nimeipata barua yako na ile orodha ya marubani wa kivita, kila mmoja na idadi ya ndege alizoangusha, utadhani magoli ya ligi. Yule Mjerumani Red Baron 80, sawa, nani atabisha? Lakini ukiniuliza mimi, wangu ni mtu ambaye kwa hesabu yako hana hata moja iliyothibitishwa: Eugene Bullard.

Alizaliwa Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1895. Angali mtoto, genge la Wazungu lilikuja usiku nyumbani kwao kumtafuta baba yake limuue. Baba huyo ndiye aliyekuwa akimsimulia kwamba Ufaransa mtu mweusi naye huhesabiwa mtu. Kijana akatoroka, akatangatanga miaka, hata 1912 akazamia meli iliyomshusha Uskoti. Riziki akaipata kwenye ndondi, na ndondi ndizo zilizomfikisha Paris.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914 akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linaloandikisha watu wa mataifa mengine, akawa mpiga bombomu. Huko Verdun, 1916, akaumia vibaya paja, akatunukiwa Croix de Guerre, nishani ya vita ya Ufaransa. Mwingine angemshukuru Mungu akajikalia na nishani yake. Yeye akawekeana dau la dola 2,000 na Mmarekani mwenzake kwamba atakuwa rubani, na Mei 1917 leseni ikawa mkononi. Hakuna Mmarekani mweusi aliyemtangulia kurusha ndege ya vita.

Sasa sikia hili. Alikuwa akiruka na tumbili wake, Jimmy, amemtia ndani ya koti! Ndege zenyewe zile za Spad, rubani kichwa wazi kwa upepo, baridi ya kukata masikio, Wajerumani wanakutafuta, na tumbili kifuani. Alisema aliangusha mbili. Hazikuthibitishwa, basi kwenye orodha yako anasoma sifuri.

Kilichomshusha si risasi. Marekani ilipoingia vitani ikaanza kuwachukua raia wake waliokuwa wakiruka chini ya Wafaransa. Bullard naye akaomba, akapimwa afya, akaonekana mzima. Wenzake Weupe wakachukuliwa, yeye akaachwa. Baadaye akagombana na afisa mmoja Mfaransa, akarudishwa jeshi la miguu, na vita vikamwishia huko.

Ya Paris baada ya vita nitakusimulia tukionana, maana ni hadithi nyingine: kupiga dramu, kumiliki klabu ya usiku, watu mashuhuri kila kona. Wajerumani walipovamia 1940 akashika tena bunduki akiwa na miaka 44, akaumia mgongo karibu na Orléans, akaponea Hispania na Ureno hadi New York. Na nyumbani walimpokeaje? Mwaka 1949, kwenye tamasha la mwimbaji mweusi Paul Robeson kule Peekskill, jimbo la New York, alipigwa rungu akiwa chini, polisi wakiwa miongoni mwa wapigaji. Picha zipo.

Kazi aliyopata ni kuendesha lifti Rockefeller Center. Mwaka 1954 Ufaransa ikamwita Paris, awe mmoja wa watatu wa kuwasha upya moto kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana. Akawasha, akarudi kwenye lifti yake. Mwaka 1959 wakampa Légion d'honneur, nishani yao kuu. Akarudi kwenye lifti yake. Desemba hiyo kituo cha televisheni cha NBC, kilichokuwa jengo hilohilo, kikamhoji akiwa na sare ya kazi. Hapo ndipo damu hunichemka, Hamisi: wakubwa wangapi walimwambia "ghorofa ya kumi" bila hata kumtazama usoni?

Alifariki 1961, akazikwa Queens kwenye sehemu ya maveterani wa Kifaransa, ndani ya sare ya Jeshi la Kigeni. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994.

Nisalimie mama watoto na wazee wote hapo. Orodha yako nimeihifadhi. Ukija Idi tutabishana vizuri, ila usije mikono mitupu, lete halua.

Wasalaam,
Nduguyo Bakari