Mapigo 34 kwa dakika: wito wa mchango kwa ajili ya mashine ya elektro, kituo cha afya cha parokia, Katuba, Lubumbashi

Yesu asifiwe, ndugu zetu wa parokia, nanyi wazazi, wanakwaya, na ninyi mliohamia Kolwezi, Likasi, Kitwe, Johannesburg na Brussels ambao kila tukipigiana simu mnauliza habari za Katuba.

Ninaandika kwa niaba ya kamati ya afya, kuomba mchango wa kukinunulia kituo chetu mashine ya elektro, ile inayoandika umeme wa moyo kwenye karatasi. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Wito huu umezaliwa na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nitaanza nalo.

Wengi wenu mnamjua mama yetu wa kwaya anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, na unga wa muhogo njia ya kwenda sokoni. Sitamtaja jina, ingawa ameniruhusu nisimulie. Miaka michache iliyopita alianza kuanguka. Aliangukia bombani akiteka maji, akaanguka kanisani wakati wa kupeleka vipaji, akaanguka barabarani na beseni lake kichwani. Hakutoa povu wala hakujiuma ulimi. Alizimika tu, midomo ikapauka, na kabla dakika haijatimia ameshafumbua macho anauliza nani kamwaga unga. Watu wakasema kifafa. Wengine wakasema bulozi, yaani uchawi, na maneno hayo yakaanza kumzunguka mke wa shemeji yake, mwanamke asiye na hatia yoyote, mpaka akaacha kuja kusali nasi. Mama akameza vidonge vya kifafa miaka miwili.

Siku moja alianguka karibu nami. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo: 34. Nikadhani saa yangu ina kasoro. Nikahesabu tena: 36. Nikamkorogea chai yenye sukari nyingi, nikamwambia aende nyumbani akalale. Mimi, muuguzi, niliushika ugonjwa wake kwa vidole viwili, kisha nikauachia.

Aliyemwokoa ni mwanawe. Aliomba gari la rafiki, akampeleka mamaye kliniki moja mjini, wakambandika nyaya kifuani, na baada ya dakika kumi karatasi ikatoka. Njia ya umeme ndani ya moyo wake ilikuwa imekatika. Familia iliuza kiwanja, ikasafiri naye mbali, akawekewa betri ya moyo, kifaa kidogo kinachoupa moyo umeme ili upige. Leo anauza makala na anaimba, na hajaanguka tena. Lakini kiwanja kimekwenda, na jamaa wawili waliogombana kwa ajili ya bulozi bado hawajala bukari, yaani ugali, pamoja.

Niruhusuni nieleze moyo unavyojiendesha, maana mtu hutoa vizuri akijua anachotolea.

Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Ubongo unaweza kuuharakisha au kuutuliza, ila hauuanzishi. Amri inatoka ndani ya moyo wenyewe. Katika chumba cha juu cha kulia, pale unapoingilia mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kipande chembamba cha nyama, urefu wake kama punje ya haragwe kubwa. Arthur Keith na Martin Flack, kule Uingereza, walikieleza mwaka 1907. Flack alikuwa akichunguza moyo wa fuko wa Ulaya, ambaye si yule anayetuharibia mihogo shambani, alipokiona.

Seli za kipande hicho hazina likizo. Seli nyingi za moyo zikishapiga hutulia zikingoja kuamshwa. Hizi, mara tu zinapotulia, vijilango kwenye utando wake vinafunguka na sodiamu inaanza kuingia polepole, kama maji ya bomba lisilo na presha yanavyojaza ndoo. Ndoo ikifika kipimo, kalsiamu inaingia kwa nguvu, umeme unaruka, moyo wote unapiga. Kisha ndoo inamwagwa na kujazwa upya. Kila pigo, tangu tumboni mwa mama. Mwaka 1979, kule Oxford, Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble waliuliza swali ambalo mtoto yeyote wa darasa la tano angeweza kuuliza: kwa nini mtu akishtuka moyo unakwenda mbio? Wakaonyesha kwamba adrenalini, homoni ya mshtuko, inaufanya mkondo huo wa sodiamu uingie haraka zaidi, na ndoo inajaa upesi. Mkondo wenyewe ulipewa jina la mkondo wa ajabu, kwa sababu huamka seli inapotulia, wakati mikondo mingi iliyojulikana huamka seli inaposisimka.

Wengine watasema hayo ni mambo ya maabara ya wazungu. Sikilizeni kilichofuata. Ilipatikana dawa inayoubana mkondo ule ule ili moyo upunguze mwendo, ivabradini, na mwaka 2010 utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,500 wenye moyo uliochoka, usiosukuma damu vizuri, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo juu ya matibabu yao ya kawaida walipungukiwa kwa asilimia 18 na hatari ya kufa kwa moyo na mishipa au kulazwa kwa sababu ya moyo kuchoka. Kutoka 1979 hadi 2010 ni miaka 31, sawasawa na utumishi wangu wote. Swali lililoulizwa kwenye seli nilipokuwa msichana lilifika kitandani mwa mgonjwa nikiwa mtu mzima.

Turudi kwa mama yetu, kwa maana kwake tatizo lilikuwa chini zaidi. Umeme ukitoka kwenye kipande kile hupita kituo cha pili katikati ya moyo, ambacho Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906 akiwa Ujerumani, ndipo ushuke kwenye vyumba vikubwa vya chini. Umri ukienda, nyuzi za njia hiyo zinaweza kugeuka kovu. Ikikatika kabisa, vyumba vya chini vina seli zake zinazojua kushika ngoma, ila kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia: 30, 40. Ngoma ikinyamaza hata sekunde chache, ubongo unakosa damu na mtu anaanguka. Ngoma ikirudi, anaamka. Ndiyo sababu aliuliza habari za unga wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ugonjwa huu hauonekani kwenye tone la damu la kidoleni. Unaonekana kwenye elektro. Willem Einthoven, kule Leiden, Uholanzi, ndiye aliyefanya umeme wa moyo uandikike vizuri, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Ya leo inaingia kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Na kituo chetu, kinachopokea watu kutoka mitaa yote hii, hakina hata moja.

Nataka niseme pia habari za betri, kwa kuwa wako wanaoogopa kwamba kugundua ugonjwa usio na tiba ni kumtesa mtu. Tiba ipo. Tarehe 8 Oktoba 1958, kule Stockholm, daktari Åke Senning alimwekea Arne Larsson betri ya kwanza ya moyo kuingizwa mwilini mwa mtu. Larsson alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja, na mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewasumbua daktari na fundi Rune Elmqvist bila kuchoka mpaka wakakubali. Elmqvist aliitengeneza betri hiyo kwa ukubwa wa kopo la kiwi, hili hili la viatu. Iliharibika baada ya saa chache. Wakaweka nyingine. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa betri zaidi ya mara 20, na alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, Senning na Elmqvist walikuwa wameshatangulia. Kila nikimfikiria Else-Marie akigonga mlango wa yule fundi, namwona kijana wetu akizunguka kutafuta gari.

Hata hivyo, bara letu liko nyuma sana. Uchunguzi wa madaktari wa moyo wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba betri zinazowekwa katika nchi zetu, ukilinganisha na idadi ya watu, ni chache mara 200 hivi kuliko Ulaya. Bei ni sababu moja, na hapo pia utafiti unasaidia: mwaka 2020 watafiti wa Montreal, Kanada, walifuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika waliowekewa vifaa vya moyo vilivyokwisha kutumika na kusafishwa upya kitaalamu, na hawakuona tofauti ya maana ya maambukizi kati yao na waliowekewa vipya. Kwa hiyo mlango wa betri za gharama ndogo unafunguka. Ila mgonjwa hawezi kuufikia mlango huo kama hakuna aliyemwandikia kwamba moyo wake ndio unaomwangusha.

Sasa tunachoomba. Lengo letu ni dola 2,600. Mashine yenyewe, yenye nyaya zake 10 na betri ya kufanya kazi umeme ukikatika, ni dola 1,700 kwa bei tuliyopewa. Kufundisha wauguzi watatu kuifunga vizuri, kuisoma na kutambua hatari ni 200. Dola 300 ni za karatasi, jeli na vibandiko vya mwaka mzima, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona kwa macho yangu katika maisha yangu ya kazi mashine nzuri za msaada zikilala miaka chini ya kitambaa cha maua, kisa karatasi zake zimeisha na hakuna aliyepanga nani atanunua nyingine. Kununua mashine bila karatasi ni kununua jiko bila makala. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba kila anayepimwa na mwenye uwezo atalipa faranga kidogo, zitakazowekwa kwenye daftari la karatasi peke yake na kutoguswa kwa kazi nyingine, hata ya kanisa. Baba Paroko amekubali na kutia sahihi. Dola 400 zinazobaki ni mwanzo wa mfuko wa safari, ili mgonjwa atakayekutwa na hali kama ya mama yetu apate nauli ya kumfikia daktari wa moyo kabla ndugu zake hawajauza kiwanja.

Kusoma karatasi hakutaachwa kwa wauguzi peke yao. Picha ya kila karatasi yenye mashaka itatumwa kwa daktari wa moyo kwa simu, bila jina la mgonjwa, naye atajibu. Niseme ukweli pia juu ya kile ambacho mashine hii haiwezi: haioni valvu za moyo, vile vilango vya damu ambavyo ugonjwa unaoanzia kooni unaweza kuviharibu. Watoto wetu wanaoumwa koo kisha viungo vikavimba wanahitaji kupelekwa mapema wapate penisilini, na hilo halingoji mashine yoyote.

Tayari tunazo dola 640. Mia mbili na arobaini ni za kwaya, waliokuwa wakiweka akiba ya sare mpya na wakakubali kuvaa za zamani mwaka mmoja zaidi. Mia nne zimetoka kwa familia ya mama yetu, na sisi wanakamati tulipozipokea hatukuweza kusema neno. Zimebaki dola 1,960.

Tunaomba kila nyumba faranga 5,000. Mwenye zaidi atoe zaidi, na mwenye pungufu asione haya. Wiki iliyopita bibi mmoja alileta faranga 500 zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, zikaandikwa daftarini kama nyingine zote. Ndugu walio mbali, nambari za M-Pesa na Airtel Money zimebandikwa mlangoni pa ofisi ya parokia na zitasomwa madhabahuni. Hatuzitumi kwenye makundi ya WhatsApp. Ukiletewa nambari na mtu kwenye simu akikwambia ni ya elektro ya Katuba, usitume. Mpigie kwanza ndugu yako aliye hapa aende akaisome mlangoni. Bei za wauzaji watatu zitafunguliwa mbele ya watu, risiti itabandikwa, na hesabu itasomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Meza ya mchango itawekwa chini ya mwembe, Jumapili zote nne za Oktoba, baada ya Misa ya kwanza na ya pili. Njoo hata kama huna kitu, ulete mkono wako: wauguzi wetu watahesabu mapigo ya kila mtu bure, dakika nzima, si robo dakika mara nne. Mwenye mapigo chini ya 50 na aliyewahi kuzimia ataandikiwa barua siku hiyo hiyo ya kwenda kupimwa mjini, tusimngojeshe mashine. Mwenye jirani anayeanguka na kusemwa vibaya, tafadhali amlete.

Daftari la mchango atalishika mama yetu muuza makala. Aliliomba mwenyewe. Na Jumapili iliyopita, alipokuwa akichora mistari kwenye ukurasa wa kwanza, mke wa shemeji yake alikuja akaketi kando yake, akamshikia rula.