Hesabu ndege zinazoruka, siyo za kwenye brosha

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule mzazi aliyeandika majuzi, ambaye binti yake keshapata leseni ya kurusha ndege binafsi, ile PPL, na sasa anataka aendelee mpaka afike kwenye ndege za abiria. Mzazi ana vyuo viwili mkononi, kimoja saa ya kuruka ni rahisi kingine ni ghali, anauliza ampeleke wapi. Mimi ni instrakta, huu mwaka wa kumi na moja nafundisha watu kuruka, na kwa kweli naona swali lenyewe ndio lina kasoro. Mzee mwenzangu, acha kwanza habari ya saa moja shilingi ngapi. Uliza wana ndege ngapi za injini mbili, halafu uliza leo asubuhi ngapi kati ya hizo zimeruka.

Ntaeleza kwa nini. Kwenye PPL karibu chuo chochote kitakutosha, wana Cessna zao kadhaa za injini moja, moja ikiharibika unapanda nyingine. Baada ya hapo, ukiamua kwenda hatua kwa hatua, viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka masaa 200 kwa leseni ya biashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo, au 150 kama umesoma kozi moja iliyounganishwa toka mwanzo, na masaa mengi kati ya hayo bado unaweza kuyaokota kwenye injini moja. Kinachokuja kukwamisha watu ni mwishoni, kwenye kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo bila kuona nje, na kwenye injini mbili. Hapo wanafunzi wote wa chuo wanapita mlango mmoja, na mlango wenyewe ni ndege moja ya injini mbili, Seneca au DA42, iliyopo hanga, lile banda la ndege, na foleni yake unakuta ina watu thelathini.

Yamenikuta mwenyewe. Nilichagua chuo kwa bei, sitakitaja, kilikuwa na ndege moja tu ya injini mbili na kwenye brosha waliipiga picha kutoka pembe tatu tofauti ukadhani ni tatu. Nimebakiza masaa nane nimalize, injini ya kulia ikafikisha muda wake wa kufunguliwa, ikatolewa ikapelekwa kwa mafundi nje, wakatuambia wiki sita. Ilirudi baada ya miezi minne na nusu. Sasa mkono wa rubani unapata kutu haraka sana, hasa kwenye vyombo, maana ile kazi ya kusoma vipimo sita kwa wakati mmoja huku huoni kitu nje ukiiacha mwezi tu unaanza kuchelewa, jicho linaganda kwenye kipimo kimoja vingine vinakupita. Niliporudi nikaambiwa nirudie masaa kabla ya mtihani, kwa hela yangu, na ukipiga hesabu yote ile saa ya bei rahisi ilinigharimu kuliko ile ghali ya chuo cha pili.

Na kuna saa nyingine inayotembea kimya kimya, ya mitihani ya darasani. Kwa wanaosoma mfumo wa Ulaya, masomo ya ATPL, ile leseni ya juu ya marubani wa mashirika, ni 13, kila moja unatakiwa upate asilimia 75, na toka ufanye la kwanza una miezi 18 kuyamaliza yote. Ukishamaliza una miezi 36 ya kupata leseni ya biashara pamoja na kibali cha vyombo, la sivyo unarudi darasani. Inaonekana mingi, eeh? Toa miezi ya ndege kulala hanga, toa miezi ya instrakta kuondoka, toa msimu wa mawingu mabaya, utashangaa inavyoyeyuka.

Hapo kwenye injini mbili naomba nisimame kidogo maana wazazi wengi wanadhani ni kuongeza injini tu. Injini ya kushoto ikizima, ile ya kulia inaivuta ndege igeuke upande wa iliyokufa, na ukishuka chini ya mwendo fulani usukani wa mkia haushindi tena, hata ukanyage pedali mpaka mwisho ndege inaendelea kugeuka na kubinuka. Nguvu imepungua nusu lakini uwezo wa kupanda kwenye hizi ndege ndogo unapungua asilimia 80 au zaidi. Hii kitu mwanafunzi anatakiwa aifanye mara nyingi, kwa karibu karibu, na mtu anayeijua. Mwanafunzi anayepata ndege mara moja kwa wiki tatu hajifunzi, anakumbushwa tu, kila safari mnaanza pale pale mlipoishia kabla ya iliyopita.

Kuhusu maInstrakta, hapa najisema na mimi. Wengi wetu tunafundisha ili tujaze masaa 1,500 ya leseni ya juu, mashirika yakiita tunaondoka hata somo halijaisha. Silaumu mtu, nami nilikuwa na mpango huo huo ila nikapenda kazi. Lakini muulize mkuu wa mafunzo, binti atapitia mikono ya walimu wangapi, na mwalimu akiondoka nani anasoma faili la binti. Nimeshapokea mwanafunzi aliyefundishwa na watu watano, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kushika mbio za kutua, kijana wa watu amechanganyikiwa mpaka anauliza nifanye ya nani.

Watu wanaabudu namba ya masaa sana. Wamarekani waliweka sheria ya masaa 1,500 kwa marubani wa mashirika ya abiria mwaka 2013, baada ya ile ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, New York, Februari 2009, walikufa watu 50. Wengi hawajui kwamba marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa wameshapita 1,500 zamani. Ndege ilikosa mwendo, ikaonya, kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma. Karibu miezi minne baadaye ndege ya Air France, safari namba 447, ikaanguka baharini na watu 228 kwa jambo linalofanana, pua iko juu na mbawa zimeshaacha kubeba, na kule juu kwenye usukani mkono unavuta. Ndio maana Ulaya toka Desemba 2019 wanalazimisha mafunzo ya kuitoa ndege kwenye hali mbaya, kama ikibinuka au ikikosa mwendo, angalau masaa matatu ya kuruka na mwalimu, kabla mtu hajaanza kozi ya ndege yake ya kwanza ya marubani wawili. Hata kama binti anasoma mfumo mwingine usiolazimisha, mimi ningetafuta chuo chenye ndege inayoruhusiwa kupinduliwa na mwalimu anayeipindua kweli. Bora akose sare nzuri yenye mistari mabegani.

Sasa leseni ya nani. Hili liamue kabla ya chuo, siyo baada. Akitaka kufanya kazi Ulaya asomee mfumo wa Ulaya, akitaka Marekani asomee wa Marekani, maana kuhamisha leseni ni mitihani upya na hela upya, hakuna kubadilishana kama noti dirishani. Hata majirani wanaachana, Uingereza ilitoka kwenye mfumo wa Ulaya mwisho wa 2020, na wanafunzi waliokuwa katikati ya kozi wakajikuta wanapiga mahesabu ya karatasi badala ya kusoma.

Hali ya hewa nayo wanaiuza sana, siku mia tatu za jua. Ni kweli masaa yanajaa haraka, kwa leseni ya biashara sina neno. Ila kwenye vyombo nina wasiwasi na mtu aliyejifunza yote akiwa amevaa kofia ya kuziba macho huku nje jua linawaka, siku akiingia wingu la kweli linalotikisa ndipo anagundua kofia haina mtikisiko. Apate hata masaa machache ya mawingu halisi na mwalimu pembeni.

Bei nitaisema kwa kifupi. Uliza saa yao inahesabiwaje. Kuna mita inayoanza injini ikiwaka mpaka izimwe, na kuna inayofuata mizunguko ya injini, ambayo mkiwa mnatambaa chini kusubiri ruhusa inaenda polepole. Bei ile ile ya saa moja, mita tofauti, mwisho wa kozi ni tofauti kubwa. Uliza na ada za kutua, mtahini, na kurudia mtihani. Simuleta nayo, ile mashine ya kuigiza ndege, wanahesabu masaa mangapi humo na je hiyo simuleta imeidhinishwa, maana nyingine ni mchezo wa kompyuta wenye kiti kizuri. Na usilipe yote mbele hata wakikupa punguzo la kufurahisha. Vyuo vya urubani vinafilisika, na siku hiyo mwanafunzi anasimama mwisho wa mstari wa wanaodai, nyuma ya benki na mwenye mafuta. Lipa kwa vipande, kila kipande kiwe cha masaa ambayo keshayaruka au atayaruka mwezi huo.

Ukienda kutembelea, usiende siku ya maonyesho wanapotandika zulia. Nenda Jumanne ya kawaida asubuhi. Tazama ubao wa ratiba, safari ngapi zimefutwa na kwa sababu gani. Zikiwa zimefutwa kwa upepo usijali, mimi napenda chuo ambacho mwalimu anaweza kusema leo hapana na hakuna anayemnunia, lakini ukikuta "inasubiri spea" mara tatu kwenye ubao mmoja, hapo umeshajibiwa. Omba kuona daftari la matengenezo la ile ndege ya injini mbili. Halafu kaa na wanafunzi nje, wale wa mwisho mwisho wanaosubiri, sio yule kijana wa masoko mwenye tai, uwaulize tu mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini.

Nimesahau moja, na lingetakiwa kuwa la kwanza. Kama binti bado ana cheti cha afya cha PPL peke yake, akapime afya ya daraja la kwanza, ile ya marubani wa biashara, wiki hii kabla hamjalipia hata fomu, nimeona kijana wa masaa 140 ndio anaambiwa macho yake hayatenganishi rangi.

Ni mimi msomaji wako,
Instrakta wa ndege
(Jina na anuani nimekuachia, Mhariri)