Bekihendi imeanza kunikubali

Neema rafiki yangu,

Vipi hali? Nimeona meseji yako kwamba wapinzani wameshakugundua, kila mpira wanakuletea kushoto ukiwa pale kicheni (lile eneo la karibu na neti) na wewe unabaki kurudisha dinki tu, vile vipira vifupi vya taratibu, mpaka uchoke. Aisee nakuelewa kabisa, mimi toka nianze pikoboli, huu mchezo wetu wa padeli na mpira wa plastiki wenye matundu, nimeteseka na hichohicho, ila wiki hizi mbili bekihendi yangu, yaani kupiga kwa upande wa mgongo wa kiganja, imekaa sawa na nimefurahi kweli, nikasema lazima nikuandikie.

Kwanza punguza nguvu. Mimi nilidhani kushambulia ni kuvuta mkono nyuma halafu kuuachia, kumbe mpira ukiwa chini ya neti ukiunyoosha unaishia kwenye neti, ukiunyanyua unatoka nje, au mbaya zaidi unamkalia mpinzani vizuri anausmashi. Neti pale katikati ina sentimita 86, na toka kwenye neti mpaka mstari wa nyuma ni mita 6.7 tu, kwa hiyo mpira inabidi upande kidogo halafu ushuke haraka, na kinachoushusha ni topspini, yaani mpira kuzunguka kuelekea mbele, hakuna kingine.

Sasa sikia navyofanya. Padeli nashika kama nyundo, tena kwa ulaini, ukisema kumi ndio kukaba kabisa basi mimi niko kwenye nne, zamani nilikuwa kwenye tisa na kiwiko kikaanza kuuma. Mpira ukija naangusha ncha ya padeli iangalie chini, kifundo cha mkono kimelegea, mgongo wa kiganja unatazama mpira unakotoka. Padeli iwe CHINI ya mpira Neema, siyo nyuma yake, hapo ndipo nilipokuwa nakosea siku zote! Halafu kiwiko kinatangulia kidogo, mkono unafunguka kuanzia hapo, kifundo kinamalizia tu, yaani ni kama unafuta kioo kwa mgongo wa kiganja kutoka chini kwenda juu. Ukifika usawa wa bega ishia hapo, urudishe padeli mbele ya kifua maana mpira unaweza kurudi saa hiyohiyo.

Na uuguse mbele ya mwili, mbele ya goti la kulia. Ukiuacha ukufikie ubavuni umeshachelewa, hapo usilazimishe, cheza dinki yako subiri mwingine. Wa kushambulia ni ule unaoelea juu ya goti, ule wa kwenye vifundo vya miguu achana nao. Miguu nayo iangalie, ukipiga voli (mpira kabla haujadunda) halafu mwili ukakuvuta ukakanyaga mstari wa kicheni ni folti, yaani kosa, hata kama mpira umeshakufa.

Pa kupiga, mlenge mpinzani kwenye bega au nyonga ya upande ulioshika padeli, pale mtu anakosa pa kuweka kiwiko chake. Kuna wanaopiga kwa mikono miwili, hasa waliotoka tenisi, inatulia zaidi ila hufiki mbali, wewe jaribu zote mbili uone.

Jana jioni nimemwomba mwenzangu anirushie mipira polepole kwa mkono, mmoja mmoja. Ya mwanzo yote neti. Ilipofika kama ya thelathini hivi mlio ukabadilika, siyo ule wa "pa!" niliouzoea, ni kama mkwaruzo mfupi, mpira ukapita juu ya neti kidogo tu ukazama miguuni pake hata hajainua padeli. Nikamwambia rudia, rudia, tukarudia mpaka giza.

Ukijaribu nirekodie video basi. Simu iweke pembeni yako usawa wa kiuno, siyo nyuma, maana nataka nione ncha ya padeli inashuka kabla mpira haujakufikia au baada.

Wako,
Rehema