Kwenu mliovua magwanda mkashika faili za madai ya bima

Wanangu,

Nasikia wengi wenu mliotoka jeshini mmeingia kwenye ukadiriaji hasara, yaani kukagua kilichoharibika na kupima bima ilipe kiasi gani, na wengine mko mafunzoni mkisubiri leseni. Mimi nilivua gwanda zamani, nikaingia kazi hiyohiyo, nikaifanya hadi macho yalipochoka na maandishi madogo ya mikataba. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo sikuambiwa mwanzoni, na gharama ya kutolijua kwangu ililipwa na watu waliokwisha kupata hasara.

Mtaambiwa kwamba jeshi limewaandaa. Macho yenu na miguu yenu, ndiyo. Masikio bado.

Aliyewahi kuandika taarifa ya doria anajua kutenganisha alichokiona, alichoambiwa na anachodhani. Taarifa ya mkadiriaji haina siri nyingine. Ukiandika "paa limeezuliwa na upepo", hiyo ni dhana. Andika kwamba mabati sita yamelala upande mmoja wa nyumba, matundu ya misumari yamechanika kuelekea upande huohuo, na kingo za mpasuko zinang'aa. Bati lililochanika usiku wa jana haliwezi kuwa na kutu kwenye mpasuko. Ukuta nao husema: bomba likipasuka ghafla huacha alama moja ya maji, lakini maji yaliyovuja miezi mingi huacha mistari juu ya mistari, rangi iliyobambuka na ukungu mweusi. Mikataba mingi hulipa la ghafla, hailipi la polepole, kwa hiyo mistari hiyo ni pesa ya mtu. Pigeni picha za mbali kwanza, mkizunguka jengo lote, kisha msogee, mkiweka kitu cha kupimia kando ya ufa. Bila kipimo, aliye ofisini hatajua kama ufa ule unapitisha unywele au ngumi.

Mkataba nao usomeni kama amri ya operesheni, pamoja na viambatisho vyake, kabla hamjatoka ofisini. Kuna hesabu moja inayowaumiza watu kuliko zote. Nyumba ina thamani ya milioni 100, mwenyewe kaikatia bima ya milioni 60 ili ada iwe nafuu. Moto unakula sehemu ya milioni 20. Yeye anajiambia hasara hii iko ndani ya milioni 60, nitalipwa yote. Lakini mkataba wake ukiwa na kifungu cha uwiano, atapata milioni 12, yaani asilimia 60 ya hasara, kwa kuwa alikatia asilimia 60 tu ya thamani. Habari hiyo ni wewe utakayempelekea. Mpelekee mwenyewe, kaa chini, mwonyeshe hesabu kwa kalamu na karatasi. Usimwachie barua ya ofisi imwambie.

Mtabishana pia kuhusu chanzo cha hasara. San Francisco, Marekani, Aprili 1906, tetemeko lilitangulia, moto ukafuata na kuteketeza mji kwa siku kadhaa. Mikataba mingi ilikuwa ya moto, si ya tetemeko. Jengo lililobomoka kwanza na kuungua baadaye lilipwe vipi? Cuthbert Heath wa soko la bima la Lloyd's, London, aliagiza wateja wake walipwe kikamilifu bila kujali vifungu. Namheshimu kwa hilo, ila ule ulikuwa uamuzi wa mwenye fedha. Sisi si wenye fedha. Sisi tunamwonyesha mwenye fedha kipi kilianza, kipi kilifuata na tumejuaje.

Sasa nije kwenye masikio.

Miaka yangu ya mwanzo nilitumwa kwa mama aliyeunguliwa nyumba. Saa ya moto kuanza aliitaja mara mbili, na mara zote mbili hazikulingana. Nikamkalia kama mateka. Swali lilelile nililigeuza namna tatu, sauti kavu, nikinyamaza makusudi ili ukimya umbane, kama nilivyofundishwa. Akafunga mdomo. Orodha ya mali aliyotia sahihi ilijaa ukurasa mmoja tu, nami nikaondoka nikiamini nimefanya kazi.

Mkadiriaji aliyenitangulia kazini aliisoma faili ile, akanirudisha kulekule akiwa pamoja nami. Hakuuliza saa. Alimwomba mama amtembeze nyumba kwa maneno, kuanzia mlangoni: ukutani palikuwa na nini, chini ya kitanda je, kabatini je. Orodha ikakaribia mara mbili ya ile yangu. Kuhusu saa, yule mama alikuwa akitoa watoto nje, hakuwa akitazama ukutani. Karibu nusu ya haki yake nilikuwa nimeinyima kwa sauti yangu tu, na hakukuwa na hila yoyote upande wake.

Udanganyifu upo, wanangu, na mtauona. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ninyi mmetoka mahali ambapo kushtuka kuliwaokoa. Hapa hakukuokoi, kunamwumiza mwenzako. Ukiona dalili, iandike kama ulivyoiona, uikabidhi kwa wachunguzi wa udanganyifu. Huna mshtakiwa. Una mtu aliyelipa ada miaka yote kwa ajili ya siku hii moja.

Wala usimwambie "utalipwa" pale pale kwenye majivu kwa sababu ya huruma. Nimeona mkadiriaji mwema akitamka neno hilo, kisha kifungu kikamkatalia, na mwenye nyumba akapigwa mara ya pili. Mwambie unafanya nini sasa, nani ataamua, na lini utampigia tena.

Vyeo acheni. Mtakutana na msimamizi mdogo kwa umri aliyesoma faili elfu moja wakati ninyi mkiwa kambini. Mpeni heshima mliyompa afande.

Na kama kuna atakayewauliza askari na bima wapi na wapi, mwambieni habari za San Antonio, Texas, mwaka 1922. Maofisa 25 wa jeshi la Marekani walikubaliana kukatiana bima ya magari wao kwa wao, kwa kuwa makampuni yaliwaona watu wa hatari. Kampuni ya USAA ilianzia hapo.

La mwisho ni gumu kwangu kuliandika. Harufu ya nyumba iliyoungua itawarudisha baadhi yenu mahali msipotaka kurudi. Mimi ilinikuta mara nyingi, mikono ikitetemeka juu ya kamera, nikasema ni uchovu. Nilinyamaza miaka mingi, na nyumbani kwangu wakaibeba hasira ambayo haikuwa yao. Msinyamaze kama mimi. Mwambie msimamizi akupe faili za magari kwa muda, tafuta mshauri nasaha, tafuta mwenzako wa kikosi mzungumze. Wale mnaofuata vimbunga na mafuriko kwa malipo ya kila faili, mjilinde zaidi: kuna miezi ya kazi usiku na mchana, kisha miezi isiyo na simu hata moja, na ukimya huo ndipo mambo ya zamani hujitokeza. Wekeni pesa ya miezi hiyo, na wekeni mtu wa kuzungumza naye pia.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua faili mpya, mpigie yule mwenye dai ambaye hujazungumza naye wiki hii. Hata kama huna jipya la kumwambia, mpigie umwambie hilo.

Mzee wenu,
askari na mkadiriaji hasara mstaafu