Remiksi za wanafunzi zianzie katika shule za kutwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo walimu wa muziki na wa kompyuta hapa Kakamega tumekuwa tukilijadili, nalo ni kuwafundisha wanafunzi kuandika programu kwa kutengeneza remiksi za nyimbo zinazotetea usawa katika jamii. Naliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, likipangwa jinsi tulivyozoea kupanga mambo ya kompyuta shuleni, litawafaidi wale wale ambao tayari wana kila kitu, na nyimbo za kudai usawa zitaandikwa na watoto ambao hawajawahi kunyimwa.

Wazo lenyewe limekwisha kujaribiwa kwingine. Nchini Marekani, mwaka wa 2021, kampuni ya Amazon, chuo kikuu cha Georgia Tech na shirika la YELLOW lililoasisiwa na mwanamuziki Pharrell Williams zilianzisha shindano liitwalo Your Voice is Power, ambapo wanafunzi huchukua wimbo, wakaupanga upya kwa kuandika programu na kuutia ujumbe wao kuhusu haki na usawa wa rangi. Kanada nao walilipokea, ila wao wakatumia kazi za wanamuziki wa jamii asilia za nchi hiyo, uamuzi ambao nadhani ni wa busara sana. Programu inayotumika huitwa EarSketch. Ni ya bure, hufunguliwa kwenye intaneti bila kupakuliwa, na mwanafunzi huandika kwa lugha ya Python au JavaScript.

Kwa msomaji ambaye hajaiona kazi hii, nieleze kidogo. Mwanafunzi hupanga mdundo kwa mfuatano wa alama: sifuri ni pigo, kistari ni kimya, na alama ya kujumlisha huirefusha sauti iliyotangulia. Kwa kawaida alama 16 hujaza kipimo kimoja cha mdundo. Akibadilisha kistari kimoja kiwe sifuri na kuicheza programu tena, ngoma hulia pale palipokuwa kimya, naye husikia kwa masikio yake kama alichoandika kimekaa sawa au kimeharibika. Akitaka mdundo urudi mara nane hauandiki mara nane, bali hutoa amri moja ya kurudia. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakiikimbia amri hiyo ilipofundishwa kwa mifano ya hesabu wakiielewa mara moja ilipohusu kiitikio, kwa maana wamekua wakisikia kiongozi akianzisha na kundi likimpokea.

Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuna haja ya kuazima sauti. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, na kila moja inaweza kuwekwa katika mkondo wake kwenye programu ili mwanafunzi asikie inavyojibizana na nyingine. UNESCO iliiorodhesha isukuti mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa sababu wajuzi wake wengi ni wazee na warithi ni haba. Tuna na ala za nyuzi: Bungoma kuna litungu, Kisii kuna obokano. Nyatiti ya Waluo, ambayo kwa desturi ilipigwa na wanaume, inaweza kurekodiwa kwa mzee wa Siaya na kuwekwa chini ya sauti ya msichana anayeeleza kwa nini wenzake hukosa masomo kila mwezi kwa kukosa sodo. Lakini mzee huyo aombwe ruhusa kwanza, jina lake litajwe, na alipwe chochote kinachostahili. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni zetu inataka wenye mali waridhie, na itakuwa aibu tukiimba usawa huku tukichukua jasho la mtu bure.

Linalonisumbua zaidi ni kibodi. Katika shule ya kutwa wanafunzi watano au sita huizunguka kompyuta moja, na mara nyingi mvulana aliyekwisha kuzoea simu ya nyumbani ndiye anayekaa katikati, wasichana wakipewa daftari wanakili. Mwanafunzi asiyeona vizuri huwa hata hakuikaribia. Kipindi kikiisha, mwalimu huandika kwamba darasa zima limefundishwa! Kwa hiyo naomba zamu ziandikwe na kubandikwa ukutani, wanafunzi wakae wawili wawili, na anayeshika kibodi abadilishwe katikati ya kipindi bila kujali nani ana kasi. Shule ambazo hazina intaneti zisiachwe nje. Maabara za kompyuta za Jitume, mpango wa serikali wa kufundisha vijana stadi za dijitali, zilizo katika vyuo vya kiufundi zinaweza kufunguliwa kwa wanafunzi wa jirani siku za Jumamosi.

Najua kuna watakaosema kwamba wanafunzi wa Gredi ya 10 wamekwisha kugawanywa kwa mikondo ya masomo, na kwamba anayefuata sanaa hana shughuli na programu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kazi ninayoieleza inahitaji hesabu na sikio kwa pamoja, na mtoto aliyepelekwa kwenye sanaa kwa sababu shule yake haina maabara ya sayansi ndiye hasa anayepaswa kupewa nafasi hii.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927 na huanzia chini kabisa, karibu na shule zetu. Nawaomba waandalizi wake waongeze kitengo cha remiksi zilizoandikwa kwa programu, waamuzi wapewe programu yenyewe waisome pamoja na kuusikiliza wimbo, na katika mwaka wa kwanza nafasi zitengewe shule za kutwa kabla ya shule za kitaifa kukaribishwa. Serikali za kaunti za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia zinaweza kusaidia kwa kugharimia bando na malipo ya wazee watakaorekodiwa.

Mwalimu wa shule ya upili ya kutwa,
Kaunti ya Kakamega