Barua kwa mwanangu anayesomea udaktari wa mifugo

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba majina ya anatomia yanakuchosha, na kwamba huoni kwa nini msiseme tu mbele, nyuma, juu na chini. Kazi ya mifugo nimeifanya miaka mingi na jambo hili nalipenda, kwa hiyo nivumilie.

Mfikirie punda akigaagaa mchangani pale ufukoni baada ya kuvuliwa shogi. Miguu iko hewani, tumbo limeelekea mbinguni. Ukisema kidonda kiko juu, ni juu wapi? Lakini upande wa mgongo ni dorsali na wa tumbo ni ventrali, asimame au alale. Kuelekea kichwani ni kraniali, mkiani ni kaudali. Usichukue maneno ya madaktari wa watu: binadamu husimama wima na mbele yake ni tumboni, ilhali mbele ya punda ni kichwani.

Na kushoto ni kushoto kwa mnyama, si kwako uliyesimama ukitazamana naye. Hili lishike sana. Rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, ya mbuzi na ya ng'ombe iko ubavu wa kushoto, na akijaa gesi hadi kukaribia kufa, huko ndiko hutobolewa. Kwa punda, sikamu, ule mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, iko kulia.

Ukishafika kichwani, kuelekea puani huitwa rostrali. Kilicho karibu na mstari wa katikati ya mwili ni mediali, cha upande wa nje ni laterali. Hayo hayatakusumbua.

Penye utamu ni miguuni. Kilicho karibu na kiwiliwili ni proksimali, kilicho mbali nacho ni distali. Lile watu wanaloliita goti la mbele la punda ni kifundo cha mkono, sawa na hicho cha mkono unaoandikia. Goti lake la kweli liko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Chini ya kifundo kuna mfupa mmoja mkubwa, kisha kidole kimoja tu, cha tatu, na ukucha wake ndio ukwato. Kila nikimwona punda amebeba mawe ya ujenzi akipita vichochoro vya Langoni kwa ncha za vidole vinne, namsifu Muumba.

Kuanzia kifundo kwenda chini maneno hubadilika: mbele huwa dorsali, nyuma huwa palmari, na kwa mguu wa nyuma plantari. Usidhani mnatafutiwa taabu. Upande wa palmari ndiko zinakopita kano za kukunja kidole, nazo husaidia kubeba uzito wa mwili. Mbele ziko za kunyoosha. Bati likikata kano za mbele, mara nyingi punda hupona akarudi kazini. Likikata za nyuma, hilo ni la kuogopwa. Nikimpigia simu daktari aliye mbali nikamwambia, "Mguu wa mbele wa kushoto, palmari, distali kwa kifundo," alikuwa akinikatiza hapohapo: punda asitembezwe hata hatua moja.

Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana majina haya, yakachapishwa kwa Kilatini mwaka 1968. Ripoti utakayoiandika huko chuoni Kabete ataielewa daktari wa zahanati yetu ya punda, na wa Brazili pia.

Usiyakariri kwenye karatasi tu. Omba ruhusa uingie zizini, mguse mnyama, na kila unapogusa taja jina kwa sauti. Ukifika miguu ya nyuma, simama ubavuni, usikae nyuma yake.

Pesa za buti na koti la maabara nimekutumia. Niandikie walimu wenu wanaanzia wapi kupasua, kifuani au miguuni.

Wasalaam,
Baba yako