Neno "jasusi" tusilitupe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniumiza. Huku Mtwara, hasa vijiji vya kandokando ya Mto Ruvuma, mgeni akiuliza maswali mawili matatu huku ameshika simu, keshaitwa jasusi. Nimeshuhudia kijana mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mto, Msumbiji, akizingirwa sokoni kwa sababu ya daftari. Lilipofunuliwa, ndani mlikuwa na bei ya ufuta, bei ya dagaa na majina ya wanaomdai. Wakati huo shati lake lilikuwa limeshachanwa, na mtu mmoja ana jiwe mkononi.

Ujasusi ni kuchukua siri za nchi kwa kificho na kuzipeleka kwa dola nyingine au kwa adui. Bei ya ufuta inatangazwa mnadani, siri yake iko wapi? Askari anayetafuta ushahidi wa wizi anafanya upelelezi, na jirani anayechungulia ua wa mwenzake ni mmbea tu. Ujasusi ni kosa zito chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, halithibitishwi na umati wa sokoni.

Sisemi tulale. Kusini tunayajua haya kuliko wengi. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilipokuwa na kambi Nachingwea, PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walipenyeza watu wao miongoni mwa wapigania uhuru. Kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wazee wetu walikuwa na kila sababu ya kukaa macho. Na baada ya Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, kushambuliwa Oktoba 2020, hofu ya watu naielewa kabisa.

Lakini Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Wanaoana, wanazikana, wanauziana samaki. Mwenye shaka na mtu amwone mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au polisi, asipige yowe.

Nanyi waandishi, mtu akikamatwa mwiteni mtuhumiwa mpaka mahakama iseme. Kichwa cha habari "Jasusi anaswa" huku kwetu kinasomwa kama hukumu, na shangazi yake aliyeolewa Newala anaanza kunyimwa salamu kisimani.

Msomaji wenu,
Mtwara